Salamu za Mzee Mikidadi

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Maana yake, jambo linalokwenda bila kelele huweza kulipuka siku ambayo hakuna aliyejiandaa.

Mzee Mikidadi wa Bagamoyo alisifiwa kwa salamu zake. Akienda msikitini, kila baada ya hatua chache alisimama akamuuliza mtu hali yake na ya wajukuu wake. Dukani kwa Jatin alikawia zaidi.

"Na paka hajambo?" aliuliza siku moja, huku akikanda shavu la mguu.

"Mzee wangu, paka ulimsalimia jana!" Jatin alicheka, akamsogezea kigoda kama kawaida yake. Kisha akaacha kucheka. "Marehemu baba naye mguu ulimkaza hivyo hivyo akitembea, akisimama unaachia. Kumbe ni mishipa ya damu imeziba, na moyo ukafuata. Nenda ukapimwe."

"Mimi mwembamba kama ufito, mafuta yakae wapi? Mwambie Bi Mardhiya!"

Bi Mardhiya, mkewe, mnene na mcheshi, alikwenda kweli. Presha yake ilikuwa nzuri, na mafuta katika damu hayakuzidi. Mzee akachanganyikiwa. Ikiwa mnene ni mzima, mwembamba ataumwaje? Akawasha sigara.

"Na moshi huo, bwana?" mkewe alimbembeleza.

"Miaka arobaini navuta. Umenisikia nikikohoa?"

Ijumaa moja Mzee alifika dukani asimsalimie mtu. Hata paka hakumuulizia. Alijibwaga kwenye kigoda, jasho likimtiririka, mkono kifuani. Jatin hakungoja kuelezwa. Aliliacha duka wazi, akaita bajaji, akamkumbatia mzee njia nzima hadi hospitali.

Daktari alisema wangechelewa kidogo wangemkosa. Sigara, pamoja na presha ambayo haikuwahi kupimwa, vilikuwa vimeifanya mishipa yake iwe migumu na kuziba polepole, ya mguuni na ya moyoni.

"Miaka yote hiyo?" Mzee aliuliza, ametumbua macho kama mgeni aliyepotea njia. "Mbona haikunipigia hata hodi?"

"Ilipiga mguuni," Bi Mardhiya alimjibu taratibu, akimfuta jasho. "Wewe ukaigeuza salamu."

Mzee aligeuka kitandani. Alimtazama Jatin aliyesimama mlangoni.

"Paka hajambo?"

"Hajambo, anakungoja. Ila njoo bila sigara."

Mzee akapapasa mfukoni, akatoa pakiti, akamkabidhi mkewe. Hakika, kimya kingi kina mshindo mkuu.