Fuko Aliyekimbia na Mwiko wa Bi Kitovu

Paukwa!

Pakawa!

Mnaitika kama hamjala. Paukwaaa!

Pakawaaa!

Haya, sasa nawasikia.

Hapo zamani za kale, chini kabisa ya ardhi, aliishi ajuza, Bi Kitovu. Kazi yake ilikuwa kukoroga chungu cha chuma kilichoyeyuka. Koroga, koroga, koroga. Nguvu ya mkorogo ule ilipanda hadi juu ya mawingu, ikawa pazia lisiloonekana. Jua likipuliza upepo wake mkali, pazia linauzuia.

Jirani yake alikuwa Fuko, baba wa watoto watatu. Kila ardhi ikitikiswa na mkorogo, Fuko hufoka: "Bibi huyu hatuachi tulale!" Siku moja akamshukia.

"Hodi, Bibi!"

"Karibu, mjukuu wangu."

"Umechoka, Bibi. Nipe mwiko nikupokee."

Mnajua mila yetu: mjukuu akiomba kumpokea bibi mwiko, hanyimwi. Bi Kitovu akampa. Fuko, bila haya, akatimua nao mbio!

Chungu kikaanza kuganda. Pazia likachanika. Jua likacheka, likapuliza. Fuu! Visima vikakauka. Fuu! Majani yakababuka.

Na Fuko? Alichimba aende kwake, akagonga mwamba. Akachimba tena, akatokea mtoni, mto mkavu. Mara ya tatu akarudi palepale alipoanzia. Loo! Kumbe miaka yote kilichomwonyesha njia gizani ni ule mkorogo.

Kwa mbali akasikia wanawe: "Baba, maji! Baba, uko wapi?"

Fuko akaangua kilio. "Nimewaua wanangu kwa mkono wangu!"

Akabakiwa na njia moja, kufuata joto lililosalia. Akashuka, akashuka, akashuka, mwiko mkononi.

"Bibi, nisamehe!"

"Msamaha baadaye. Chuma kimekuwa kizito, peke yangu sikiwezi. Shika!"

Wakakoroga, chungu kimya. Wakakoroga, ukoko ukapasuka. Wakakoroga, chuma kikazunguka! Cheche zikaruka, zikamwingia Fuko machoni. Alipiga yowe, lakini mwiko hakuuachia.

"Basi, nenda. Wanao wanakungoja."

"Bibi, sioni!"

"Kwani kule gizani ulikuwa ukienda kwa macho?"

Fuko akachimba mara moja tu, akatokea katikati ya wanawe. Akawapapasa: mmoja, wawili, watatu. Wote hai, maana pazia lilikwisha kuungana na maji yalikuwa yamerudi visimani.

Ndiyo maana fuko hana macho ya maana. Anayekunyima usingizi huenda ndiye anayekulinda. Basi ardhi ikitikisika, msimtukane Bibi, chungu kimemlemea.

Yangu yamekwisha. Aliyesinzia akaulize kwa jirani, mimi sirudii.