Rafu ya Makaburini

Sogeeni mbele, ndugu zangu. Wale wa mlangoni acheni kulinda viatu, viatu havina pa kwenda. Leo nina mfano mmoja, na mnivumilie, maana unahusu mashine, na mimi simu yangu mwenyewe hunishinda.

Palikuwa na fundi mmoja wa laptop katika kichochoro nyuma ya soko. Fundi hodari. Mashine ikigoma kupokea chaji, wenzake wanabadilisha waya, wanabadilisha betri, wanahangaika. Yeye anaweka kidole penye tundu la chaji, analitikisa kidogo, anakwambia, "Lehemu imepasuka ndani. Hapa inagusa tu, haijashika." Anafungua, anachomelea, inawaka. Watu walimpenda, na yeye alijipenda kidogo, kama sote tunavyojipenda kazi ikitukubali.

Ila alikuwa na rafu moja juu kabisa ukutani, akiiita makaburini. Ndiyo, makaburini. Mashine ambayo mwenyewe amechelewa kuifuata ilipandishwa huko, na ikishapanda ilibadilishwa jina, ikaitwa maiti. Mteja akija anahitaji kioo, fundi aliinua macho juu na kusema, "Ngoja nikuchungulizie makaburini." Akashusha maiti, akafungua skrubu, akanyofoa kioo, akamfungia mteja wake. "Maiti hadai," alikuwa akisema, na kichochoro kizima kikicheka. Nanyi mnacheka. Chekeni, chekeni, tutafika.

Siku moja kijana mmoja akaleta mashine yake ya kijivu. Tundu la chaji lilikuwa limelegea, mpaka ukunje waya ndipo ipokee moto. Kazi ndogo. Akaambiwa aiache. Kabla hajarudi, muuza kahawa wa pale kichochoroni akaja na habari. "Yule kijana wa mashine ya kijivu kagongwa na lori. Hapana kupona pale." Fundi akatikisa kichwa, akasema, "Inna lillahi." Akamaliza kahawa yake. Kisha akasimama juu ya kiti, akaipandisha mashine makaburini.

Sasa nisikilizeni vizuri. Hakuuliza anazikwa wapi. Hakuuliza matanga yako kwa nani. Sisi hapa akifa mtu hata jina lake hatulijui, tunapokezana jeneza begani mpaka tumfikishe. Yeye alimtamkia mwenzake maneno ya msiba akiwa amekaa, na miguu yake haikutoka pale dukani. Kwa nini? Kwa sababu angekwenda kuzika angekutana na wenyewe, na angekutana na wenyewe angelazimika kusema, "Kuna amana yenu iko kwangu." Basi akaona heri asijue.

Mashine ile ikaliwa. Kioo kikaenda kwa mwalimu mmoja, kibodi ikaenda duka la kuchapisha, bodi ya ndani akaichukua fundi mwenzake wa mtaa wa pili. Diski, pale ambapo mashine hutunza kila ulichoiwekea, aliichukua yeye mwenyewe. Akafuta vyote vilivyokuwamo, akajaza taarabu za kusikiliza kazini. Likabaki ganda tupu, na ile taa ndogo ya chaji ikining'inia kwenye kipande cha waya.

Haukupita muda akaja mama mmoja mtu mzima, buibui limepauka mabegani, mkononi kashika chaja.

"Hodi hapa."

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba, baba. Mwanangu aliacha mashine yake kwako, ya kijivu. Nimekuja na chaja yake."

Fundi akaweka bisibisi chini. "Pole sana, mama, kwa yaliyowafika."

"Tumeshapoa. Ya Mungu hayo. Mimi mashine yenyewe sijui kuitumia. Ila humo ndani mna sauti ya marehemu mume wangu, mwanangu alimrekodi. Hiyo tu ndiyo naitaka. Haiko mahali pengine popote."

"Kipuri hakijafika, mama," fundi akasema. "Rudi kesho."

Ah, rudi kesho! Fundi cherehani analijua neno hilo, seremala analijua. Nadhani hata siku ya kiyama atapatikana fundi wa kumwambia malaika arudi kesho. Lakini mama yule hakuondoka. "Nitangoja," akasema, akakaa kwenye benchi la mlangoni, chaja mapajani, waya wake umeviringwa. Hakuuchomeka popote.

Fundi akarudia kazi yake. Alipoinua macho, juu kule makaburini, mashine ya kijivu ilikuwa imewasha taa.

Ile taa ndogo ya chaji, ndugu zangu. Nyekundu, imetulia, kama ya mashine iliyochomekwa ukutani. Fundi akaishusha mashine, akaigeuza. Haina betri, haina bodi, haina kitu, na mikono iliyonyofoa ilikuwa yake mwenyewe. Akatazama mlangoni. Mama amekaa vile vile, anaangalia njia. Alipoinuka kwenda zake, taa ikazima.

Kesho yake mama akaja, taa ikawaka. Fundi akachukua koleo, akaukata ule waya, akairudisha mashine juu. Akacheka peke yake, akajiambia ni umeme uliobakia ndani, mambo ya kawaida haya. Siku iliyofuata umeme ukakatika mtaa mzima. Mnaijua hali ile: feni zinanyamaza, redio zinanyamaza, mchana mweupe lakini watu wanazungumza kwa sauti ya chini na hawajui kwa nini. Mama akatokea, akakaa. Na pale juu, katika kichochoro kisicho na umeme, kwenye waya uliokatwa, taa ikawaka.

"Mama," akauliza, "unaona kitu pale juu?"

Mama akatazama. "Naona mashine ya mwanangu," akasema. "Kumbe ipo."

Msiniulize moto ulitoka wapi. Mfano hauna soketi. Niulizeni hivi: kwa nini bwana huyu aliiogopa taa, na yule mama siku zote hizo hakumwogopa?

Fundi akafunga duka, akaanza kuzunguka mji akiomba vitu alivyovitoa. Kwa mwalimu alikwenda na kioo kingine, kipya.

"Mbona unakibadilisha, nacho kizima?" mwalimu akauliza.

"Kina mwenyewe."

"Si ulisema mwenyewe amekufa?"

"Ndivyo."

"Basi nani anakidai?"

Fundi akakifunga kioo kwenye kitambaa, akatoka, hata kuaga akasahau.

Kibodi akaipata. Bodi akaipata baada ya ugomvi. Diski akairudisha mahali pake. Akaikalia mashine ile kwa adabu ambayo hajapata kuwa nayo tangu ajifunze kazi. Akasugua tundu la chaji kwa mswaki, akaitoa lehemu ya zamani, akapiga mpya, akalitikisa. Limeshika. Akabonyeza, ikawaka. Ikabaki sauti. Sasa, kilichofutwa wakati mwingine huacha alama zake chini chini, na mafundi wana njia za kuzifukua. Akafukua. Lakini mahali pa sauti ya mzee palikuwa pamekaliwa na taarabu zake. Akapata kipande kimoja tu. Akakifungua. Jogoo anawika kwa mbali. Mlango unafunguliwa. Kisha mtu anavuta pumzi, ile pumzi ya mtu anayetaka kusema neno. Halafu basi.

Akakirudia, akakirudia tena. Kila mara mtu yule anavuta pumzi, na kila mara fundi anajikuta anangoja.

Mama alipokuja, akamwekea. Mama akasikiliza, kichwa amekiinamisha.

"Ndiye," akasema. "Sasa mbona hasemi?"

Fundi akapiga magoti. "Nisamehe, mama. Niliifuta. Nilijua mwenyewe amekufa."

"Nani amekufa?"

"Mwanao."

Mama akamtazama weee. "Mwanangu yuko hospitali," akasema. "Amelala tangu siku ya lori, macho hafumbui, lakini anapumua. Nani alikwambia amekufa? Ulikuja kumzika?"

Fundi akakosa pa kuuweka uso wake. Mama akaendelea. "Daktari alisema huenda anasikia, tumsemeshe. Nimemsemesha mpaka koo limenikauka. Tangu mdogo huyu hakuwahi kuamka kwa sauti yangu. Baba yake ndiye aliyekuwa akimwamsha alfajiri, na ndiyo sauti aliyoirekodi, baba yake akimwamsha. Nilitaka nimwekee sikioni." Akauvuta ushungi wake, akasimama. "Inuka twende."

"Wapi, mama?"

"Sauti umeifuta. Utakwenda kusema wewe."

Wakafika saa ya kuona wagonjwa. Kijana amelala chali, mpira puani, mikono chini ya shuka. Fundi akasimama kando ya kitanda, akamwona yule aliyemwita maiti, na kifua chake kinapanda na kushuka, kinapanda na kushuka. Akaona aibu ambayo sina neno lake.

"Nimwambie nini, mama?"

"Mwambie ulichomchukulia."

Akainama sikioni. "Ndugu yangu," akasema, "kioo chako nilikichukua mimi. Kibodi yako niliichukua mimi. Bodi niliitoa nikampa mwenzangu." Akainama zaidi. "Sauti ya baba yako niliifuta mimi. Nilisema umekufa."

Hapo mkono ukamkamata.

Ulitoka chini ya shuka ukamshika fundi kifundo cha mkono wa kulia, ule wa kazi. Macho ya kijana yamefumba vile vile. Uso haukusogea. Ni mkono tu, na nguvu zake hazikuwa za mgonjwa. Fundi akavuta, haukuachia. Akapiga ukelele, wauguzi wakaja mbio, wakajaribu kuvibandua vile vidole kimoja kimoja, na kila kimoja wakikibandua kinarudi. Na yule mama, mnadhani alifanya nini? Alisimama upande wa pili wa kitanda, machozi yanamtiririka, akawa anasema, "Kaza, mwanangu. Kaza!"

Mnataka niwaambie kama aliamka. Sitawaambia. Hilo ni la Mungu na la mama yake. Mimi nina neno na nyinyi, tena afadhali niseme, nina neno na sisi.

Sisi, ndugu zangu, hatumwibii mtu aliye hai. Tunaona haya. Kwanza tunamwua kwa mdomo. Tunasema, "Ah, yule amekwisha." Kaka yuko jela, tunasema yule hatoki, na shamba lake tumeshalitia mihogo yetu. Shangazi amepotewa na akili, tunasema yule hajui lolote, na cherehani yake iko kwa binti yetu, inashona. Mzee amelala chumba cha nyuma anakohoa, anatusikia, nasi ukumbini tunagawana nyumba, huyo anayekohoa tunamwita marehemu mtarajiwa, na tunacheka. Tunatangulia kumpa mtu jina la maiti ili mikono yetu ijione halali. Ni uongo? Mbona mmenyamaza, na sasa hivi mlikuwa mnacheka?

Wala tusidhani kurudisha vitu ndiyo mwisho wa habari. Fundi alirudisha mpaka skrubu. Mashine ikawaka vizuri, na bado haikuwa na la kumwambia yule mama. Yapo tunayoyafuta kwa watu ambayo hakuna ufundi wa kuyarudisha. Umri wa mtu, heshima yake, nafasi ya kusikilizwa alipokuwa angali ana la kusema. Kwa hayo imebaki njia moja, nayo ni chungu. Uende kwa mwenyewe angali anapumua, umwinamie, uyataje moja moja kwa majina yake. Akikukamata, akukamate. Usiuvute mkono.

Nilitaka tufunge kwa dua. Lakini ambaye amemkumbuka mtu wake nilipokuwa nasema, asiningoje mimi. Anyanyuke aende sasa, na dua itamkuta njiani. Msione haya, hapa hakuna atakayeuliza unakwenda wapi.

Naam. Namwona mmoja anasimama kule nyuma. Mpisheni njia.