Daktari Aliye Pangoni

Sogeeni, wanangu, hata aliye nyuma asikie. Zamani hizo za kale sana, wanyama walipokuwa na nyumba, vikao na birika za chai kama sisi, palikuwa na pimbi mmoja jina lake Sikudhani. Pimbi ni mnyama mdogo wa majabalini, umbo lake kama sungura aliyekosa masikio marefu. Ukimwona hujui kama ana sauti. Akiifungua, utaruka.

Sikudhani alikwenda kusoma ng'ambo ya milima. Alisomea njia ambazo maji hupita chini ya ardhi, akasoma mpaka akapata shahada ya juu kabisa, ile ambayo mtu akiipata huitwa Daktari hata kama hajui kudunga sindano.

Siku aliyorudi, mama yake, Bi Mwanamvua, alipanda juu ya jabali akatangaza kijiji kizima kisikie. "Mwanangu amefika. Kuanzia leo ni Daktari Sikudhani."

Sikudhani akaona haya, akamvuta mama yake upindo wa kanga. "Mama, shuka. Watasema nimerudi na majivuno."

"Watasema umerudi na elimu."

"Hawa ndio walionilea, Mama. Waniite Siku kama zamani."

Basi akapita nyumba hadi nyumba akisalimia, na kila aliyejaribu kumwita Daktari alimkatiza: "Mimi ni Siku tu."

Kiboko, mwenyekiti wa kijiji, alifurahi sana kusikia hivyo. Nyati, msaidizi wake, akafurahi zaidi. Jina lile lilikuwa linawakwama kooni. Kumpa cheo kikubwa vile mtu anayetoshea ndani ya kikapu, waliona hakukai sawa.

Haukupita muda, ukaja ukame. Mto ukawa tope, tope likawa vumbi. Ngozi ya Kiboko ilianza kupasuka mgongoni, na ndama wa Nyati wakawa wanalamba mawe asubuhi wapate umande. Kikaitishwa kikao cha kuchimba kisima.

"Tuchimbe pale uwanjani," akasema Kiboko. "Udongo wake ni laini."

Sikudhani akainuka. "Shikamoo, Mjomba. Shikamoo, Mzee Nyati. Uwanjani hakuna maji. Chini yake kuna mwamba mtupu. Maji yanapita huku kwetu, chini ya jabali, pale mkuyu ulipoota."

"Marahaba, Siku," akasema Kiboko kwa upole. "Umesema vizuri. Sasa hebu wamiminie wazee chai."

"Lakini Mjomba, hili ndilo nililo..."

"Na sukari usisahau," akasema Nyati.

Sikudhani akamimina chai. Wakubwa wakaenda uwanjani, wakachimba. Ndi, ndi, ndi, mchana kutwa, siku baada ya siku. Shimo likawa refu hata Nyati akiingia huoni pembe zake. Mwisho pembe zikagonga mwamba, kwaa. Hakutoka hata unyevu. Wakapumzika kidogo, wakaanza shimo jingine, hapo hapo uwanjani.

Sikudhani alirudi nyumbani akajitupa kitandani. "Mama, wale ndama watakufa. Nawaambia maji yalipo, na hakuna anayenisikia."

Bi Mwanamvua akakaa kando yake, akampangusa uso. "Mwanangu, wewe mwenyewe ulipita nyumba hadi nyumba ukawaambia Daktari hayupo, yupo Siku. Sasa wanaongea na Siku. Na Siku kazi yake ni kumimina chai."

Sikudhani akaketi kitandani. Kisha akainuka akatoka mbio, hata kandambili hakuvaa.

Akawakuta wakubwa wamelala kivulini, ndimi nje. "Wazee wangu, nimekuja na habari. Kuna Daktari wa maji, amesomea ng'ambo ya milima. Yuko pangoni kwetu."

Kiboko akafumbua jicho. "Daktari hasa?"

"Hasa. Shahada yake nimeiona kwa macho yangu."

"Ni mtu mkubwa?" akauliza Nyati.

"Sauti yake mtaisikia wenyewe. Ila hapendi kutazamwa anapoongea na wakubwa. Mtakaa nje, yeye atasema akiwa ndani."

Kiboko akajikung'uta vumbi. Nyati akatafuta jani la kufutia pembe. Walipofika, Sikudhani alikuwa ametangulia kupitia mwanya wa nyuma, amekaa ndani kabisa, mahali ambapo hata kikohozi hurudi kama ngurumo.

"Shikamoo, Daktari," wakasema wote wawili, vichwa chini.

"MARAHABA."

Nyati akarudi nyuma hatua moja. "Ana kifua huyu," akamnong'oneza Kiboko.

"Tukuletee kiti, Daktari?" akauliza Kiboko.

"NIMESHAKAA. ACHENI KUCHIMBA UWANJANI. CHINI PALE NI MWAMBA. CHIMBENI PENYE MKUYU, UPANDE WA CHINI WA JABALI."

Kiboko akajikuna shavu. "Ajabu, Daktari. Tuna mtoto wetu hapa, Siku, naye alisema hivyo hivyo. Mkuyu huo huo."

"NA NYINYI MLIMJIBUJE?"

Wakatazamana.

"Tulimwambia amimine chai," akasema Kiboko.

"Na sukari," akaongeza Nyati, maana alikuwa mkweli.

"MH," ikasema sauti. "NENDENI MKACHIMBE."

Wakaenda, wakachimba kwa bidii kuliko mwanzo. Jua halijatua, udongo ukawa mweusi. Nyati akapiga pembe mara nyingine, na maji yakaanza kutoka, chururu, chururu, kisha yakaja kwa nguvu mpaka yakamfika magotini. Ndama wakaja mbio, wakanywa, wakasukumana, wakaanguka ndani, chubwi. Kiboko akajilaza kwenye tope lile baridi, machozi yakamtoka.

Walipokwisha kunywa wakachukua mkungu wa ndizi, wakarudi pangoni kumshukuru mgeni. "Daktari, tunakuomba utoke, tukushike mkono."

Akatoka Sikudhani, amejaa vumbi puani.

"Mpishe Daktari apite, Siku," akasema Nyati, akichungulia nyuma yake.

"Ameshapita, Mzee Nyati."

Nyati akachungulia tena. Kisha akakunja uso. "Umetudanganya."

"Nilisema Daktari wa maji yuko pangoni kwetu, na alikuwepo. Nilisema hapendi kutazamwa anapoongea na wakubwa. Hata sasa hapendi."

Kiboko akaketi chini, puu, na mkungu wake wa ndizi mapajani.

"Siku," akasema, "mimi nilikuvusha mto mgongoni, umenishika masikio kwa woga usianguke majini. Kila nikikutazama namwona yule. Ningekuitaje Daktari?"

"Najua, Mjomba. Na mimi ndiye niliyewakataza. Nilidhani jina lile litanitenga nanyi."

"Sasa tukuiteje?"

Sikudhani akafikiri. "Nikija kula kwako, niite Siku. Ukiniita vingine sitaonja chakula chako. Lakini kwenye kikao, tukizungumza habari za maji, niite Daktari. Nimelitolea jasho jina hilo, na mimi nataka nikianza kusema mnisikilize mpaka mwisho."

"Ni haki," akasema Kiboko. Nyati akatikisa kichwa kukubali, akamchumia ndizi iliyoiva kuliko zote.

Kikao kilichofuata Nyati alisimama, shavu limevimba. "Daktari," akasema, na safari hii hakulimeza neno, "jino linaniuma. Unanipa dawa gani?"

Kikao kizima kikageuka kumtazama Sikudhani.

"Hilo sikulisomea, Mzee Nyati," akajibu. "Nenda kwa Bi Nungunungu, yeye anaijua mizizi."

Nyati akashukuru, akaenda kwa Bi Nungunungu bila kubisha.

Basi, wanangu, jina ulilolipata kwa jasho si la kuwatambia majirani, ila usilifiche pale ambapo bila hilo maneno yako ya kweli hayasikilizwi.