Mfuko Alioushona Sange

Hapo kale, kale ya mbali, wanyama walipokuwa wakikaa nyumbani na kufunga milango kwa komeo, wanangu, alikuwako Sange mmoja jina lake Mize. Sange mnamjua: mdogo kama ngumi ya mtoto, pua ndefu, miguu myepesi. Mize alikuwa fundi wa nguo. Dada zake waliolewa mbali, naye akabaki katika chumba kimoja chenye cherehani, kabati la vitambaa na makopo ya vifungo.

Masika moja paka wawili walipiga hodi, wamelowa chapachapa. Walikuwa Kitwana na dada yake Rehani. Waliomba wajistiri mpaka mvua ikatike. Mize akawafungulia. Mvua ikakatika, paka hawakuondoka.

Hawakuwa wabaya, ila walitaka kujua kila kitu. Kopo likifunikwa, walilifunua. Donge la uzi likiwekwa mezani, walilisukuma mpaka likaanguka, tuk, likabingirika uvunguni, nao nyuma yake. Kitambaa kikitandikwa ili kikatwe, Kitwana alilala juu yake, Mize akawa anakata huku akimzunguka. Kila kanzu ilijaa manyoya.

Mize aliwaomba wahame. Wakamjibu kwa upole kwamba hawawezi kumwacha peke yake. Na kuwasukuma hakuweza. Mkia tu wa Kitwana ulimshinda uzito.

Siku moja Swala alileta hariri ya gauni lake la harusi. Mize alikwenda kuchota maji. Aliporudi, Rehani alikuwa amejiviringisha ndani ya hariri ile, na upande mmoja ulikuwa umechanika kwa kucha. Hapakuwa na nyingine kama hiyo, na harusi ilikuwa Ijumaa.

Mize aliketi akashona mfuko mkubwa wa turubai, akatia vipande vya vitambaa ndani, akauacha katikati ya chumba, mdomo wazi.

"Mfuko huu unakwenda kwa Tembo, kwenye ghala la pamba," akawaambia. "Kilichomo ndani si cha kuonwa na paka."

Akageuka kupuliza makaa ya pasi. Hakufika pumzi ya tatu. Kitwana aliingia kichwa kwanza, Rehani akamfuata. Mize akaruka, akaukunja mdomo wa mfuko, na sindano ikaanza kazi, chwi, chwi, chwi.

Alitarajia matusi. Badala yake sauti ya Rehani ilitoka mle ndani taratibu.

"Mize, humu kuna joto zuri. Njoo uingie na wewe, nafasi ipo."

Sindano ikasimama hewani. Mize aliutazama upenyo uliobaki, mwembamba kama kidole. Kisha akaushona.

Punda mchukuzi alipopita, Mize alimsihi aubebe mfuko polepole, aufungue akifika, na awaombee paka kazi ya kulinda pamba. Punda akauinua mzigo mwenyewe, akaenda nao hadi akapotea nyuma ya kilima.

Chumba kikawa cha Mize. Aliufunika mpasuko wa hariri kwa ua alilolitarizi, na Alhamisi Swala akaja, akalipenda gauni lake. Mize alikuwa amepika chai. Akamwomba mgeni akae kidogo. Swala akasema angependa, ila nduguze wanamsubiri njiani.

Mize akanywa chai yake. Kisha akanywa na ile ya mgeni, maana ilikuwa inapoa. Akatunga uzi kwenye sindano ingawa hakuwa na cha kushona. Nje wapita njia walikuwa wakizungumza na kucheka, naye akatega sikio mpaka sauti zao zikaisha.

Hapo ndipo nilipomwacha, wanangu: mtu aweza kuwashinda wenzake kwa akili, akabaki hana wa kumwambia kwamba ameshinda.