Kobe Aliyeitwa Subira

"Wenyewe mpo?"

"Tupo, na masikio yetu!"

"Nina hadithi mlangoni."

"Ifungulie, iingie, ikae!"

"Imekuja mikono mitupu."

"Hivyo hivyo tunaipokea!"

Basi hapo zamani, zamani sana, wanyama na watu walipokuwa wakisemezana uani bila mkalimani, palikuwa na msichana aitwaye Mize. Alilelewa na bibi yake, na bibi yake alikuwa na kobe.

Si kobe wa kuokota njiani na kumtia kikapuni. Alikuwa kobe mkubwa, mgongo wake mpana kama meza, na umri wake hakuna aliyeujua. Alimbeba mgongoni mama yake Mize alipokuwa mtoto, kisha akambeba na Mize. Jina lake lilikuwa Subira.

Kila siku ya joto, jua likifika utosini, bibi alifanya mambo matatu. Alitandaza makuti mabichi penye pembe ya ukuta, kobe apate kivuli. Alimkatia matango na maganda ya tikiti. Kisha alijaza maji katika sinia pana, akaliweka chini, akaita, "Subira! Subira!"

Kobe alikuja, gamba likigonga mawe, ko, ko, ko. Aliingiza miguu ya mbele ndani ya sinia, akazamisha uso mpaka machoni, akanywa. Alikunywa kwa muda mrefu, hata bibi akamaliza kuchambua mchele.

"Kobe hanywi kama kuku," bibi alimwambia Mize. "Ndoo haifikii, na kikombe kwake ni mchezo. Mpe maji mapana, kisha mwache mpaka atoke mwenyewe."

Kwa hiyo kobe alijua jambo moja. Akiitwa jina lake, maji yapo.

Mize akakua, akaolewa na Vuai wa kijiji cha Chambeni. Huko ardhi ni mawe matupu, na kisima kiko mbali. Siku ya kuondoka bibi alimwambia, "Sina dhahabu ya kukupa, mjukuu wangu. Mchukue Subira. Maadamu anapata maji, atawaona wajukuu zako." Kobe akapakiwa kwenye gari la ng'ombe pamoja na godoro na masufuria, akaenda naye.

Siku ya saba baada ya harusi, Vuai alisafiri kwenda kuchuma karafuu. Mize akabaki na mama mkwe wake, Bi Mboja.

Bi Mboja hakuwa mtu mbaya, msimfikirie hivyo. Alikuwa mtu wa taratibu. Na utaratibu wa Chambeni ulikuwa huu: mke aliyeolewa, mwaka wake wa kwanza, hasemi mbele ya mkwewe mpaka aulizwe. Akiulizwa hujibu "Ndiyo, mama," au "Hapana, mama," basi. Mize naye alizaliwa na haya. Wengine desturi ile iliwabana. Yeye ilimkaa vizuri, akaivaa.

Msimu wa kaskazi ukaingia. Jua likawaka, na kisima kikaanza kupungua. Bi Mboja alikaa mlangoni na ukili wake wa mkeka mkononi, akihesabu ndoo alizoleta Mize, moja baada ya moja. Zote zilimiminwa mtungini, na mtungi ukafunikwa.

"Maji ya wanyama ni bakuli moja kila adhuhuri," akasema. "Beberu na kobe wagawane."

Beberu alikuwa mbuzi wa nyumba ile, mwenye ndevu ndefu na maneno mengi. Alilitazama bakuli, akamtazama kobe, akajisemea moyoni, "Bakuli moja, vinywa viwili. Hapa kimoja kimezidi."

Akamwendea Bi Mboja, akainamisha pembe kwa adabu. "Shikamoo, bibi yangu."

"Marahaba. Unataka nini, mwenye ndevu?"

"Sitaki kitu. Nakuonea huruma tu. Unapoteza maji yako kwa kobe, na kobe hanywi."

"Hanywi? Kila kiumbe hunywa."

"Kila kiumbe asiye na mtungi wake," akasema Beberu. "Lile gamba unadhani la nini? Ndani mmejaa maji. Mwinueni ubavu mmoja mwone."

Siku ile walikuwapo wanawake watatu, majirani, wamekuja kusuka ukili. Wakatazamana, wakacheka, wakainuka. Wakamshika kobe ubavuni, "Haya, moja, mbili, tatu!" wakamwinua.

Subira hakuwahi kuinuliwa ghafla namna ile. Aliogopa. Na kobe akiogopa, maji yote aliyoyaweka tumboni humtoka. Yakamwagika, chururu, yakatapakaa juu ya mawe.

"Yallah!" wakapiga kelele wanawake. "Mtungi kweli!"

Bi Mboja alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Na mimi nimekaa hapa namwonea huruma! Kumbe ana maji kuliko sisi. Beberu, bakuli ni lako."

Maji yale yalikauka juu ya mawe kabla wanawake hawajakaa chini.

Walipokwisha kuondoka, Mize alipiga magoti kando ya kobe. Subira akamwambia polepole, "Mjukuu wangu, ile ndiyo ilikuwa akiba yangu. Nilikuwa nikiitumia tone kwa tone mpaka mvua. Sasa sina kitu. Mwambie mkweo." Akaimba:

*Mize, Mize wa bibi yangu,*
*sema neno moja.*
*Maji mapana, sinia moja,*
*neno moja.*

Mize akaenda jikoni. Akasimama nyuma ya Bi Mboja. Neno lilikuwa hapa, kooni.

"Una nini?" akauliza Bi Mboja. "Umesimama kama nguzo. Unaumwa?"

"Hapana, mama," akasema Mize. Akachukua ufagio, akafagia mahali palipokwisha kufagiwa.

Mwezi wa kwanza wa joto ukapita. Mize alimpelekea kobe maji yake mwenyewe kwa kikombe, kwa kificho. Kobe aliingiza ncha ya pua, kikombe kikapinduka, mawe yakanywa. Akampelekea ndoo yenye maji kidogo chini. Kobe akanyoosha shingo yote, akasikia harufu ya maji, asiyafikie. Sinia lilikuwepo, limetundikwa ukutani kwa ajili ya wageni, na Mize hakuthubutu kulishusha.

Kobe akaona heri aseme mwenyewe. Akamwita Bi Mboja kutoka pembe ya ukuta. "Bi mkubwa! Nina kiu."

Bi Mboja hakuinua macho kwenye ukili. "Subira," akasema.

Kobe akasikia jina lake. Moyo ukamruka. Akatoka kivulini, akavuka ua mzima wenye mawe ya moto, ko, ko, ko. Akafika mlangoni, akatazama huku na huku.

"Nimekuja," akasema. "Sinia liko wapi?"

"Sinia gani?"

"Umeniita. Umesema Subira."

Bi Mboja akashika mbavu. "Ee Mola wangu! Nimekwambia *subira*, wewe ukadhani naita watu! Rudi, rudi kivulini, utaniua kwa kicheko."

Kobe akarudi. Safari hii gamba liligonga mawe kwa kituo, ko... ko... ko. Mkwe alipowasimulia majirani, majirani nao wakacheka. Mize alikuwa akimenya mihogo. Aliinama zaidi, asionekane uso.

Jioni ile Subira aliimba tena:

*Mize, Mize wa bibi yangu,*
*ulimi umeganda.*
*Wangu umeganda kwa kiu,*
*wako kwa nini?*

Mize alisikia. Alisema moyoni, "Kesho. Kesho nitasema."

Mwezi wa pili ukaja, mkali kuliko wa kwanza. Sasa Beberu alikuwa amenona, na aliyenona hutafuta mchezo. Adhuhuri, akishakunywa bakuli lake lote, alisimama upande wa pili wa ua, akaita kwa sauti nyembamba kama ya mwanamke, "Subira! Subira!"

Kobe akaja juani. Hakuna maji.

"Samahani, shangazi," akasema Beberu, ndevu zikichuruzika. "Nilikuwa najiambia mwenyewe niwe na subira."

Kesho yake akaita tena. Kobe akaja tena. Mngesema hana akili? Miaka yote ya maisha yake jina lile lilikuwa maji. Mtu hawezi kulisahau jina lake kwa siku mbili. Siku ya tatu Beberu akaita, na kobe akatoa kichwa, akakirudisha. Akaita mpaka sauti ikamkauka. Kobe hakutoka tena.

Mize aliyaona yote hayo. Aliona ngozi ya shingo ya kobe ikilegea. Aliona macho yakizama ndani. Ndiye peke yake pale Chambeni aliyejua dalili zile, maana ndiye peke yake aliyelelewa na kobe. Usiku akilala alipanga maneno: "Mama, samahani, kobe anahitaji maji mapana." Maneno sita tu. Asubuhi Bi Mboja alimwuliza, "Umelala vizuri, mwanangu?" Akajibu, "Ndiyo, mama."

Mara ya tatu kobe aliimba kwa sauti ndogo sana, hata Mize alilazimika kuweka sikio karibu na gamba:

*Mize, Mize,*
*neno moja.*

Mwezi wa tatu Vuai akarudi kutoka karafuuni, pamoja na wachumaji wenzake wanne. Nyumba ikachangamka. Bi Mboja akapiga vigelegele, akasema, "Wageni hawa hawali mchicha. Mkamateni Beberu!"

Mize akatumwa kushusha sinia la wageni na kuliweka jikoni, tayari kwa wali. Kisha Bi Mboja akamwambia, "Mtilie Beberu maji kwenye karai. Mnyama hachinjwi na kiu, ni dhambi."

Mize akafunua mtungi, akajaza karai, akampelekea Beberu nyuma ya nyumba. Beberu akatazama maji yalivyo mengi, safi, yanamfika kwenye ndevu. Akafurahi.

"Leo mnanipenda kweli!" akasema. "Karai zima! Na kobe je, ana lake?"

Mize akamsogezea karai. Beberu akanywa, akanywa. Katikati ya kunywa aliinua kichwa, akamwona Vuai anakuja, mkono mmoja nyuma.

"Mbona ameficha mkono?" akauliza.

Lakini na swali hilo halikujibiwa. Wakamvuta kwa pembe, na nusu ya maji ikabaki karaini.

Mize akayatazama yale maji. Hapakuwa na mtu wa kuyahesabu. Akakimbia jikoni, akachukua sinia la wageni, bila ruhusa ya mtu. Akamimina maji yote humo, akalibeba kwa mikono miwili mpaka karibu na pembe ya ukuta, akaliweka chini. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu afike Chambeni. Alipaza sauti.

"Subira!" akaita. "Subira! Safari hii ni kweli! Maji, bibi Subira, maji mapana!"

Wageni wakageuka. Bi Mboja akatoka jikoni na mwiko mkononi.

Kobe hakutoka. Mize akaita mara ya pili, akaita mara ya tatu. Kisha akainua makuti ya kivuli cha kobe. Alikuta shingo imelala juu ya jiwe, mdomo wazi, na siafu wamekwisha kupanga mstari.

Hatukujua, na hatutajua, kama ilikuwa asubuhi ile au jana yake. Labda wakati Mize anaita mara ya kwanza alikuwa hai bado, akasikia jina lake, akajisemea, "Ni yale yale." Hilo ndilo jambo ambalo Mize alilifikiri maisha yake yote.

Bi Mboja akasogea, akatazama sinia, akatazama kobe. "Kobe huishi kuliko watu," akasema. "Huyu amekufa na nini?"

"Kiu, mama."

"Kiu? Si tulimwona anamwaga maji?"

"Yale ndiyo yaliyokuwa yamebaki. Aliniambia."

"Alikwambia lini?"

"Siku ile ile. Kisha akaniambia tena. Kisha tena."

Bi Mboja aliketi chini pale pale juani, mwiko mkononi. Hakukasirika. Laiti angekasirika, Mize angepata pa kusimama. Alimtazama tu mke wa mwanawe kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Ungesema, mwanangu," akasema. "Maji yalikuwapo. Ungesema tu."

Mize akafungua mdomo. Alitaka kusema, "Mlinikataza." Lakini hakuna aliyemkataza kusema kwamba mtu anakufa. Akaufunga. Wakakaa hivyo, wawili wao, na maji katikati, mpaka nyuki wakaanza kuyashukia.

Basi, nyinyi mnaonisikiliza, mafundisho ya hadithi hii ni haya. Mwenye kiu mpeni maji, msimpe neno, hata liwe neno zuri namna gani. Asiyepiga kelele, msidhani ameshiba. Na wewe unayejua, sema. Kuona haya ni vazi la heshima, lakini halimfuniki aliyenyamaza wakati wa kusema.

"Hadithi imekoma?"

"Imekoma."

"Utamu wake mmeuona?"

"Kidogo!"

"Huo kidogo gawaneni. Uchungu wake niachieni mimi niliyeisimulia."