Fimbo ya Mzee Luhende

Fimbo haimpimi aliyekunja goti. Jana mlimsikia mwenyekiti akimwambia hivyo Kabula, aliyekuwa akilalamikia mpaka wa jaruba lake la mpunga kwa sauti ambayo hata kuku wa miguuni pake asingeisikia. Leo, tukiwa tunapeta mpunga, mmeniuliza, wadogo zangu, msemo huo umetoka kijiji gani. Haukutoka mbali. Umetoka nyumbani kwetu, na ulianzia kwenye vumbi la pindo la kitenge.

Nilikuwa nimeolewa miezi minne tu. Nilikuwa nafua nguo za mama mkwe wangu, Nyanzobe, nikaona kitenge alichokivaa siku iliyotangulia alipokwenda kumeza dawa kina vumbi jekundu kuzunguka pindo lote. Nikashangaa kidogo. Mama mkwe ni mwanamke mrefu. Vitenge vyake huishia juu ya vifundo vya miguu, navyo huchafuka kwa matope ya majaruba, si kwa vumbi. Nikafua, nikaanika, nikanyamaza. Kunyamaza nilikuwa nakuweza kuliko kazi nyingine yoyote.

Dawa yenyewe ilikuwa ya kichocho. Hapa Mwabulenga tunalima mpunga, na mkulima wa mpunga hushinda ndani ya maji. Ugonjwa unaishi humo humo. Watu walikuwa wakikojoa damu tangu utotoni, wakaliona jambo hilo la kawaida kama kung'oka meno. Ndipo serikali yetu ikashirikiana na chuo kimoja cha Japani kuleta vidonge. Pamoja na wataalamu wa wilaya alikuja daktari wa kike aitwaye Haruka, mfupi, mpole, anayeongea Kiswahili taratibu kama mtu anayevuka mto juu ya gogo. Alituambia kwamba bibi yake alilima mpunga huko kwao, na kwamba kichocho kiliwahi kuwepo huko pia mpaka kikaondolewa. Watu wakampenda kwa maneno hayo. Walimwona ni mkulima mwenzao, ila amevaa viatu.

Vidonge hivyo mtu hupewa kwa kadiri ya mwili wake, na mizani ya kutosha haikuwepo. Wakaleta fimbo ndefu iliyopakwa rangi. Unasimama ubavuni mwa fimbo. Utosi wako ukifika kwenye rangi ya kijani unapewa vidonge vitatu, ukifika kwenye nyekundu unapewa vinne. Wakasema, chagueni wenyewe mtu wa kushika fimbo na kugawa dawa, awe mtu mnayemheshimu kuliko wote, ili asitokee wa kukataa. Kijiji kizima kikamtaja baba mkwe wangu, Mzee Luhende.

Hapo ndipo kosa lilipoingia, wala hakuna aliyelileta kwa ubaya.

Kwetu mwanamke hapokei kitu mkononi mwa mzee akiwa amesimama kama nguzo. Hukunja magoti. Na Mzee Luhende ni mtu wa salamu. Kila mwanamke aliyefika kwenye fimbo alimwambia "Mwangaluka," akamuuliza habari za watoto, za ng'ombe, za mguu wa mume unaouma. Mwanamke akiitikia, anashuka. Magoti yalikunjika ndani ya kitenge, hayakuonekana. Mzee naye, kwa adabu yake, hakuwaangalia wanawake miili yao. Alitazama rangi tu kule juu. Daktari Haruka, aliyekaa mezani hapo karibu, alimwinamia kila mwanamke kwa desturi ya kwao, na wanawake walipoona mgeni anainama, wakazidi kushuka. Wanaume walipita wima, wakapata vidonge vyao kamili.

Haya niliyaona kwa macho yangu siku ya tatu, nilipoitwa kubeba maji ya kumezea dawa. Pindo likifika kwenye fimbo linagusa ardhi. Mwanamke akiondoka, pindo linapanda. Nikakumbuka nguo niliyofua. Nikajua. Lakini nilikuwa mkwe mpya, niliyeishia darasa la tano. Nimwambie nani kwamba baba mkwe wangu anakosea, tena mbele ya madaktari?

Mwaka ukapita. Wataalamu wakarudi, wakapima mikojo. Wanaume na watoto wengi walikuwa wamepona. Wanawake, zaidi ya nusu walikuwa bado na ugonjwa. Mama mkwe wangu alikuwa miongoni mwao. Akiwa jarubani alikuwa anaacha palizi katikati, anakaa kwenye tuta ameshika kiuno, anasema anapumzisha jembe. Damu aliificha, lakini mfua nguo hafichwi kitu. Alikuwa anapungua, nami nilikuwa naona.

Tukaitwa mkutanoni kwenye ghala la mpunga. Afisa afya wa wilaya, Bwana Kitundu, akasoma matokeo, kisha akavua miwani.

"Dawa ni ile ile, maji ni yale yale," akasema. "Wanaume wamepona, wanawake hawajapona. Maana yake ni moja. Mnaficha vidonge chini ya ulimi, mkifika nyuma ya ghala mnatema. Kama ni hivyo, dawa ya mwaka huu tutaipeleka kijiji kinachoitaka."

"Mchele wenye mawe tunaumeza," akasema mama mmoja, "itatushinda dawa?"

Wanawake wakacheka, lakini kicheko kilikuwa na uchungu. Mzee Luhende alikuwa amesimama na fimbo yake, macho chini. Niliona kwamba naye anaanza kuamini kuwa tulimdanganya.

Nilikuwa nimekaa nyuma ya mama mkwe. Nikamvuta kitenge.

"Mama, mwaka jana ulipewa vidonge vingapi?"

"Vitatu. Vyote nilimeza, asinisingizie huyu."

"Na baba?"

"Vinne."

"Baba ni mrefu kuliko wewe?"

Akageuka akanitazama. Kisha akayatazama magoti yake. Yeye ni mwepesi wa kuelewa kuliko mimi.

"Sasa ulitaka nisimame mbele yake kama mnara wa simu?" akaninong'oneza.

"Waambie, mama."

"Uliyeona ni wewe. Kaseme."

"Siwezi. Baba yupo."

"Wewe unashindwa kumnyooshea ulimi, halafu unataka mimi nimnyooshee magoti."

Bwana Kitundu alikuwa anakunja karatasi zake. Nikasimama. Maneno ya kuuambia mkutano sikuwa nayo, kwa hiyo nikamshika mama mkono, tukapita katikati ya watu mpaka kwenye fimbo.

"Baba," nikasema. Tangu niolewe sikuwa nimemwambia neno lolote zaidi ya salamu. "Naomba umpime mama."

Mzee Luhende alinishangaa, lakini akasimamisha fimbo.

"Mwangaluka, mama Ndaki," akamwambia mkewe, maana hata huzuni haikuweza kumwondolea salamu. Mama akaitikia, akashuka. Utosi wake ukagusa kijani.

"Vitatu," akasema Mzee. "Kama mwaka jana."

"Naomba umpime tena, baba. Safari hii usimsalimie."

Waliokaa nyuma wakainuka ili waone.

"Binti," akasema Bwana Kitundu, "unamfundisha mzee wako adabu?"

Mama mkwe akanitazama, akanitazama tena, kisha akayanyoosha magoti polepole kama mtu anayetuliwa mzigo wa kuni. Utosi wake ukaipita rangi ya kijani, ukaingia kwenye nyekundu. Ukaipita na kofia ya Mzee Luhende.

Mzee akaitazama rangi. Kwa mara ya kwanza akatazama na chini, akaona pindo la kitenge liko juu ya vumbi kwa upana wa vidole vinne.

"Miaka thelathini na mitano," akasema, "nimekaa na mwanamke huyu, sikujua kama ananizidi kimo."

"Mimi nilijua," akajibu mama mkwe wangu.

Watu walicheka mpaka wengine wakashika magunia. Mimi sikucheka, kwa sababu Mzee alikuwa amenigeukia.

"Mkwe, jambo hili uliliona lini?"

"Mwaka jana, baba."

"Ukakaa nalo mwaka mzima."

"Ndiyo, baba."

Nilingoja anifokee. Yeye aliipapasa ile fimbo. "Basi tuliokosea tulikuwa wengi," akasema. "Wao walikunja magoti, wewe ulikunja ulimi. Fimbo haimpimi aliyekunja goti. Mwaka jana nilipima heshima yenu, jamani, nyinyi wenyewe sikuwapima."

Daktari Haruka alikuwa amesogea karibu. "Kosa ni langu pia," akasema. "Mimi niliinama, nyinyi mkainama zaidi. Watu wa kwetu na watu wa kwenu, tungeweza kuendelea hivyo mpaka jua lizame."

Bwana Kitundu alivaa miwani yake, akaivua, akaivaa tena. Mwishowe akawaomba wanawake radhi kwa lile neno la kutema, na akaomba vizuri. Akashauri fimbo apewe kijana, ili wanawake wasimame bila wasiwasi. Wanawake wakakataa.

"Kijana ndiye anigawie dawa?" akauliza yule mama wa mchele. "Akinipa kidonge si nitamwambia akamwite baba yake?"

Aliyetengua fundo alikuwa mama mkwe wangu. Alisema benchi liwekwe mlangoni mwa ghala. Mzee akae hapo kwanza, asalimie watu wote kwa kadiri ya moyo wake, aulize na habari za ng'ombe. Wakimaliza, waende kwenye fimbo, na kwenye fimbo mtu asiseme neno, mzee wala mgeni. Daktari Haruka akaandika jambo hilo kwenye daftari lake, akaliita benchi la salamu. Mpaka sasa vijiji vingine saba vinalo, na pamoja na benchi vimechukua maneno ya Mzee Luhende. Ndiyo maana mnayasikia kila mahali kana kwamba ni ya zamani sana.

Mwaka uliofuata mama mkwe wangu alipimwa, akakutwa mzima. Jarubani siku hizi sisi ndio tunaoomba kupumzisha jembe.

Kwa hiyo mwenyekiti alipomwambia Kabula vile, hakumkataza heshima. Alimkumbusha kwamba mtu akijishusha mno, hata anayetaka kumsaidia atampa pungufu na kudhani amempa yote. Na mwenye fimbo naye, kabla hajasema huyu ni mfupi, atazame magoti.

Mama mkwe wangu amekaa hapo uani anachagua mbegu, na najua anatusikia, maana ameacha kuimba. Watu husema kwamba siku ile nilisimama kwa ajili ya wanawake wote wa Mwabulenga, nami wakisema hivyo huwa nawaacha. Si kweli. Sikuwafikiria wanawake wa kijiji, wala dawa kupelekwa kwingine. Nilimfikiria mtu mmoja, ambaye nikianza kusema nikakwama, hunisubiri mpaka nimalize. Niliogopa kubaki katika nyumba hii bila yeye.

Mama, nilisimama kwa ajili yako peke yako. Sikuwahi kukuambia, nilikunja ulimi. Fimbo haimpimi aliyekunja goti.