Mwadhini wa Wadi Nakhira na Tundu la Fuko

Inasimuliwa, na Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi zaidi, kwamba hapo zamani palikuwa na mji mdogo wa wakulima ukiitwa Wadi Nakhira. Waliouasisi walikuwa watu waliokimbia njaa, hawana kitu ila majembe yao. Walichimba mfereji kutoka mlimani, wakala kiapo mbele ya Mola wao kwamba maji yatakwenda kwa zamu. Kijiti kilisimikwa penye kichwa cha mfereji, na kivuli chake kikifika alama ya mtu, basi maji ni yake, awe tajiri au fukara. Wajukuu wakakishika kiapo hicho. Walikuwa watu wa kazi na wakarimu, ila walikuwa na udhaifu mmoja: walipenda mno miujiza. Mbuzi akizaa mapacha, wao huuliza kwanza ni walii gani aliyepita karibu na zizi.

Katika mji huo aliishi Mundhiri, mwadhini wa msikiti wao, mtu wa funga na dhikri. Mwaka mmoja mvua ikagoma. Mfereji ukapungua, na mtama ukanyauka ungali mchanga. Shamba la Mundhiri peke yake likabaki kijani.

"Hii ni karama," watu wakasema, wala hawakuuliza mara mbili. Wakawa wanakuja kuchota udongo wa shamba lile na kuwapaka watoto wagonjwa kwenye paji la uso. Mwanzoni Mundhiri aliwakataza, na alikuwa mkweli, kwani hata yeye hakujua sababu. Lakini sifa ni tamu jamani, na moyo wa mwanadamu hauzikinai. Taratibu akaacha kukataza.

Hata asubuhi moja, akipalilia mpakani, akaona ardhi inabubujika maji, na zamu yake ilikwisha pita. Akachimbua. Chini ya tuta palikuwa na njia ya fuko, imetoboa kutoka shamba la jirani hadi kwake. Jirani huyo alikuwa Bi Lubaba, mjane mwenye mayatima. Kila ilipofika zamu ya mjane yule, maji yake mengi yalipita chini kwa chini na kulinywesha shamba la mwadhini. Ndiyo karama yote hiyo.

Mundhiri akaliziba tundu kwa udongo, akaushindilia kwa kisigino, akamhimidi Mola aliyemfunulia. Laiti angeishia hapo! Alasiri ile ile wazee wa mji wakamjia.

"Ya Shekhe Mundhiri," wakasema, "Ijumaa tunatoka uwandani kuomba mvua. Tumeafikiana utuongoze wewe, maana dua yako haina pazia."

"Mimi sistahili," akajibu.

Wakatokwa na machozi kwa kuuona unyenyekevu wake. Walipoondoka, akaingiwa na hofu. Shamba likinyauka kabla ya Ijumaa, watu watasemaje? Akarudi mpakani, akautoa ule udongo kwa mkono wake mwenyewe.

Tangu saa ile hakupata utulivu. Akiketi anainuka, akiinuka hajui alichoinukia. Akianza Al-Fatiha hukatikia njiani, akaanza upya, akakatikia tena. Chakula kikawa majivu kinywani. Mara aende shambani, mara arudi, mara aende tena kabla hajavua viatu, hata mkewe Safura akachoka kumtazama.

"Baba watoto, umekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Una nini?"

Akamweleza yote. Safura akasema, "Ulipoliziba, ulimwogopa Mungu. Ulipolizibua, ulimwogopa nani?"

Mundhiri akaenda akaliziba tundu tena, na safari hii akaliacha. Lakini wasiwasi haukumwacha, kwani tundu lilikuwa limezibwa, ilhali uwongo ungali wazi.

Ijumaa ikafika. Mji mzima ukatoka, wanaume, wanawake, watoto na mifugo, wamevaa nguo kuukuu kwa kumdhihirishia Mola udhaifu wao. Mundhiri akasogea mbele. Akageuka, akawakabili watu badala ya kibla.

"Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, shamba langu halina karama. Lina maji ya Bi Lubaba. Fuko alitoboa tuta. Nilipojua nikaziba, kisha nikazibua kwa mkono huu, kwa kuipenda heshima mnayonipa. Mavuno yangu yote ni yake. Mtafuteni mwingine awaongoze."

Uwanda ukavuma kwa minong'ono. Wako waliotema mate chini, na wako walioona haya, wakayakumbuka mapaji ya watoto wao. Bi Lubaba akasimama katikati ya wanawake.

"Ewe Mundhiri, mtama utanirudishia, na nitaupokea kwa ajili ya mayatima. Lakini mimi nilikuwa nikiliangalia shamba lako, kisha naliangalia langu. Maji ni ya mfereji mmoja, jua ni moja. Nikasema, Mola anampenda yule, na mimi amenichukia. Nikaacha hata kuomba. Siku hizo, Mundhiri, utanirudishia kwa kitu gani?"

Mundhiri akaanguka kifudifudi, akalia mbele ya watu wote bila kujificha. Mjane akamwacha alie. Kisha akasema, "Nimekusamehe. Inuka, uje usimame safu ya nyuma, uombe pamoja nasi."

Akainuka, akaenda nyuma. Wapokezi wa kisa hiki wamehitilafiana kuhusu mvua. Wako wasemao ilinyesha kabla hawajafika majumbani, na wako wasemao ilichelewa hata wakakata tamaa. Walichoafikiana ni kwamba Bi Lubaba aliinua mikono yake siku ile, na alikuwa hajaiinua kwa muda mrefu.

Basi ndugu yangu, ukivikwa sifa isiyo yako, ivue mapema. Huenda yuko jirani anayeitazama na kudhani kwamba Mola wake amemsahau.